Gesi ya AC Haiishi, Inavuja

Desemba ikishaingia na kaskazi kuanza kuvuma, biashara ya kujaza gesi ya AC za magari hupamba moto Dar es Salaam. Huhitaji kuitafuta. Mtungi wa samawati uko juu ya kiti cha plastiki kando ya barabara, geji zenye mipira miekundu na ya bluu zimetundikwa mtini, na kipande cha bati kimeandikwa kwa brashi: GESI YA AC HAPA. Dereva anaegesha, anashusha kioo.

"Fundi, AC haipozi."

"Gesi hiyo, bosi. Imeisha. Tuijaze?"

Inajazwa. Baada ya robo saa hewa inayotoka kwenye dashibodi ni ya baridi, dereva analipa bila kinyongo, fundi anamtakia safari njema. Hakuna aliyekusudia kumdanganya mwenzake. Ila jibu la fundi lina kasoro, na kasoro hiyo ndiyo itakayomrudisha dereva yuleyule pale pale Februari, na tena kaskazi ijayo.

Gesi ya AC haiishi. Petroli huisha kwa kuwa inaunguzwa, na pedi za breki huisha kwa kuwa zinasagika. Gesi ya AC haiungui wala haisagiki. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, kazi yake ni kubeba joto kutoka ndani ya gari na kulitua nje, kisha inarudi kubeba jingine. Ikipungua, maana yake imetoka, na kama imetoka, pana mahali ilipotokea.

Ni kweli kwamba hakuna mfumo wa gari usiopoteza chochote. Mipira na sili ya shafti ya kompresa hupitisha gramu chache kila mwaka hata gari likiwa zima kabisa. Ndiyo maana gari la miaka kumi na tano, ambalo halijawahi kuguswa tangu litoke kiwandani Japani, linaweza kupungukiwa gesi kihalali, na mwenyewe akajaziwa bila kutafutwa mchawi. Lakini gari lililojazwa mwaka jana na mwaka huu linadai tena halina njaa ya gesi. Lina tundu.

Joto linavyohamishwa

Ili kuelewa kwa nini kipimo cha gesi ni jambo la gramu, tuanze na kinachofanyika chini ya boneti. AC haitengenezi baridi. Inahamisha joto kwa kanuni ileile unayoisikia mkononi nesi anapokupaka spiriti kabla ya sindano: kimiminika kinapogeuka mvuke huondoka na joto la kitu kilichokigusa.

Gesi inayotumika katika magari mengi ya barabara zetu huitwa R-134a. Ikiachwa huru hewani huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, kwa hiyo kuigeuza mvuke si kazi. Kazi ni kuirudisha kuwa kimiminika, na hapo ndipo kompresa inapoingia. Inaubana mvuke mpaka mgandamizo unafika kiasi cha psi 215. Katika mgandamizo huo R-134a hukubali kuwa kimiminika kwenye nyuzi 58 hivi. Hewa ya Dar ya nyuzi 33, ambayo kwetu ni jehanamu, kwa gesi ya nyuzi 58 ni baridi ya kutosha. Hewa hiyo inapopita kwenye kondensa, ule wavu wa alumini uliopo mbele ya rejeta, inachukua joto na kuondoka nalo, na gesi inakuwa kimiminika.

Kimiminika hicho kinapita kwenye valvu yenye tundu jembamba. Upande wa pili wa valvu mgandamizo unaanguka ghafla mpaka karibu psi 30, na katika mgandamizo huo R-134a huchemka kwenye nyuzi sifuri. Inachemkia ndani ya evapoleta, nyuma ya dashibodi, na feni inapopuliza hewa ya ndani ya gari juu ya evapoleta hiyo, hewa inapoa. Unyevu wake nao unageuka kuwa matone na kutiririkia chini ya gari. Hapa pwani sehemu kubwa ya nguvu ya AC huishia kwenye kuikausha hewa, si kuipoza. Kijidimbwi cha maji safi chini ya gari lililoegeshwa kisimtie mtu hofu. Ni ushahidi kwamba mashine inafanya kazi.

Mzunguko wote huo katika gari dogo la saluni unafanywa na gesi ya uzito wa kati ya gramu 400 na 600. Gari lenye AC ya mbele na ya nyuma huhitaji zaidi. Kipimo halisi kimeandikwa kwenye stika iliyobandikwa chini ya boneti au karibu na rejeta. Ni stika ambayo watu wengi wenye magari ya zamani hawajawahi kuisoma, na inayopotea kirahisi gari linapopigwa rangi upya.

Vya bure kwanza

Kabla mtungi haujafunguliwa, yapo mambo ambayo hayagharimu hata shilingi. La kwanza ni feni za mbele. AC ikiwashwa, feni ya kondensa inapaswa kuzunguka. Gari ambalo AC yake inapoza vizuri likiwa barabara ya Bagamoyo usiku wa manane, halafu linatoa hewa ya vuguvugu kwenye foleni ya Buguruni saa nane mchana, mara nyingi lina gesi ya kutosha. Kinachokosekana ni upepo kwenye kondensa. Gari likitembea, mwendo wenyewe unaupuliza. Likisimama, feni iliyokufa au inayozunguka kivivu inaliacha joto lirundikane.

La pili ni kondensa yenyewe. Vumbi, majani, mabawa ya wadudu na matope ya safari za mikoani huziba nafasi kati ya mapezi yake. Maji ya mpira wa kawaida, yenye nguvu ndogo, hufanya maajabu. Ukitumia mashine ya presha ya kuoshea magari, mapezi hulala na tatizo huzidi.

La tatu ni filta ya hewa ya ndani, ambayo katika magari mengi ya Kijapani iko nyuma ya kisanduku cha dashibodi upande wa abiria. Watu hukaa nayo mpaka inageuka blanketi la vumbi. Hewa ikitoka kidogo lakini ya baridi sana, mshuku huyo kabla ya gesi.

La nne ni klachi ya kompresa. Washa AC, sikiliza ule mlio wa "tak", kisha tazama kama uso wa puli ya kompresa unazunguka. Ukishika na kuachia kila baada ya sekunde chache, gesi yaweza kuwa imepungua, kwa sababu swichi ya mgandamizo huizima kompresa mgandamizo unapoanguka ili isijiue. Usiposhika kabisa, inaweza kuwa gesi, fyuzi, rilei au klachi yenyewe. Hapo sasa ndipo unapomhitaji fundi na geji zake.

Geji inachosema na isichosema

Geji ni chombo kizuri kinachosingiziwa mambo mengi. Gari likiwa limezimwa na limepoa, geji za R-134a kwenye joto la nyuzi 30 zitasoma takriban psi 97 pande zote mbili. Zitasoma hivyo mfumo ukiwa na gramu 600, na zitasoma hivyo hivyo ukiwa na gramu 200. Madamu kuna kimiminika kidogo kilichobaki, mgandamizo hufuata joto na haujali wingi. Kwa hiyo fundi anayechomeka geji kwenye gari lililozimwa na kutangaza kwamba gesi "iko nusu" anakisia.

Injini ikiwa inanguruma, geji zinasema zaidi. Toyota, kwa mfano, kwa mifumo yake mingi hutoa kiwango cha psi 20 hadi 35 upande wa mgandamizo wa chini na psi 200 hadi 230 upande wa mgandamizo wa juu, injini ikiwa kwenye mizunguko 1,500, feni ya ndani ikiwa kwenye kasi ya mwisho na joto la hewa likiwa nyuzi 30 hadi 35. Pande zote zikiwa chini, gesi ni pungufu. Zote zikiwa juu, ama gesi imezidi, ama kondensa haipumui, ama kuna hewa ya kawaida ndani ya mabomba. Upande wa chini ukiwa juu na wa juu ukiwa chini, kompresa imechoka, na mtungi mzima wa gesi hautaifufua.

Hata hivyo, kipimo cha mwisho cha gesi ni mizani. Mtungi unawekwa juu yake, namba inasomwa, gesi inaingia, namba inasomwa tena, na tofauti ndiyo iliyoingia kwenye gari lako. Magari ya zamani yalikuwa na kidirisha cha kioo juu ya draya, chombo cha kukausha unyevu ndani ya mfumo, na mafundi wakongwe walijifunza kutia gesi mpaka mapovu yapotee. Njia hiyo iliifaa gesi ya zamani. Katika R-134a, kioo kisicho na mapovu kinaweza kumaanisha kipimo sahihi au gesi iliyopita kiasi, na jicho haliwezi kuvitenganisha.

Kuzidisha kuna madhara kama kupunguza. Gesi ikizidi, kimiminika kinajaa kwenye kondensa na kula nafasi ya kupozea, mgandamizo unapanda, injini inaelemewa, na hewa ya ndani inakuwa ya uvuguvugu ilhali umelipia ziada. Ikipungua, madhara yanafichika zaidi. Mafuta ya kulainisha kompresa husafiri pamoja na gesi, hivyo gesi ikiwa kidogo mafuta nayo hayarudi vizuri. Kompresa inayoendeshwa miezi na gesi pungufu inajisaga kimyakimya, na vumbi lake la chuma linasambaa mpaka kwenye valvu na kondensa. Aliyeanza na oringi, kipete cha mpira cha shilingi chache, anamaliza na kompresa, draya, valvu na kondensa. Wahenga waliosema usipoziba ufa utajenga ukuta hawakuwa na magari, lakini bili hii wangeitambua.

Kazi iliyokamilika

Kazi ya kujaza gesi ikifanywa sawasawa ina mpangilio, na sehemu ya kutia gesi ndiyo fupi kuliko zote.

Kwanza gesi iliyobaki inanyonywa kwa mashine na kuhifadhiwa kwenye mtungi wa kukusanyia. Haipaswi kuachiliwa hewani kwa kubonyeza valvu, ingawa ule mlio wa "shiii" ni wa kawaida katika gereji nyingi.

Pili, tundu linatafutwa. Fundi mzuri anaanza kwa macho, maana mafuta ya kompresa hutoka na gesi na kuacha doa lenye grisi lililokamata vumbi. Anaangalia maungio ya mabomba, chini ya kompresa penye shafti, uso wa kondensa unaopigwa na kokoto, na valvu za kujazia ambazo ndani yake zina sindano ndogo inayochoka. Kisha anatia naitrojeni kavu na kupaka povu la sabuni, au anatumia kifaa cha kunusa gesi, au anatia rangi maalumu inayong'aa ikimulikwa kwa taa ya zambarau. Upepo wa kompresa ya kujazia matairi haufai kwa kazi hii, kwa sababu unaingiza unyevu, na R-134a ikichanganyika na hewa nyingi chini ya mgandamizo inaweza kuwaka.

Tatu, palipovuja panatengenezwa. Oringi hubadilishwa na kupakwa mafuta kabla ya kufungwa. Draya nayo hubadilishwa kama mfumo umekaa wazi, kwa sababu chembe zake za kukaushia zikishashiba unyevu hazina kazi tena. Mafuta ya kompresa huongezwa kufidia yaliyotoka, ya aina iliyoandikwa na mtengenezaji.

Nne ni vakyumu, na hapa ndipo kazi nyingi za mitaani zinapoharibika. Pampu ya vakyumu inaunganishwa na kuachwa ivute kwa nusu saa au zaidi. Inaondoa hewa, ambayo haikubali kuwa kimiminika na ingebaki kwenye kondensa ikipandisha mgandamizo bure. Inaondoa pia maji, kwa kuwa mgandamizo ukishushwa vya kutosha maji huchemka hata kwenye joto la kawaida la mchana na kunyonywa kama mvuke. Maji yakibaki ndani huganda kwenye tundu la valvu, AC ikawa inapoza na kuacha, inapoza na kuacha. Na baadaye huungana na gesi na mafuta kutengeneza asidi inayokula chuma.

Baadhi ya mafundi hutumia kompresa ya friji chakavu badala ya pampu. Ile huvuta, lakini mara nyingi haifiki chini vya kutosha kuyachemsha maji. Wengine hufukuza hewa kwa gesi yenyewe, na hiyo haiondoi unyevu hata kidogo. Msomaji wa nyanda za juu azingatie jambo moja: geji ya vakyumu inayofika karibu na inchi 30 Dar es Salaam au Mombasa itaishia inchi 24 hivi Nairobi, hata pampu ikiwa mpya, kwa sababu hewa ya huko ni nyepesi. Si ubovu wa pampu.

Pampu ikizimwa, geji inaachwa ikitazamwa. Mshale ukipanda, tundu lipo bado, na kazi inarudi hatua ya pili. Ukitulia, sasa gesi inatiwa kwa mizani mpaka gramu zilizo kwenye stika. Mwisho kipimajoto kinawekwa kwenye tundu la hewa la katikati ya dashibodi. Katika joto la Dar, hewa ya nyuzi 8 hadi 12 ni matokeo ya kujivunia.

Wanaojijazia wenyewe kwa makopo ya dukani wana mipaka ya kuheshimu. Kopo huunganishwa upande wa chini tu, ule wenye bomba nene. Ukilifungulia upande wa juu injini ikiwa inafanya kazi, mgandamizo unarudi ndani ya kopo na kulipasua. Kopo lisimame wima ili uingie mvuke, kwani kimiminika kikiingia kwenye kompresa inayozunguka kinaweza kuivunja. Miwani na glavu si mapambo: tone la R-134a linaigandisha ngozi papo hapo, na jicho halina spea.

Gesi tatu na historia yake

Magari yaliyotengenezwa kabla ya miaka ya 1990 kuanza yalitumia gesi nyingine, R-12, iliyojulikana kwa jina la biashara la Freon. Ilibuniwa mwaka 1928 na Thomas Midgley na wenzake, kwa ajili ya kampuni ya General Motors, wakati majokofu yalipotumia gesi zenye sumu. Mwaka 1930 Midgley aliivuta kifuani mbele ya wanakemia wenzake, kisha akauzima mshumaa kwa pumzi ile, kuonyesha kwamba haiui wala haiwaki. Ni yeye yuleyule aliyegundua faida ya kutia risasi kwenye petroli, sumu ambayo Afrika kusini mwa Sahara iliachana nayo mwanzoni mwa 2006.

Usalama wa R-12 karibu na pua ya binadamu uligeuka hatari juu angani. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza kwamba gesi za jamii hiyo hupanda bila kuharibika mpaka tabaka la ozoni, na huko mionzi ya jua huzivunja na kuachia klorini inayoila ozoni. Mwaka 1985 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba ozoni juu ya Antaktika imepungua mno kila majira ya kuchipua. Miaka miwili baadaye, tarehe 16 Septemba 1987, Itifaki ya Montreal ikasainiwa. Tanzania ilijiunga mwaka 1993. Nchi tajiri ziliacha kuzalisha R-12 kufikia 1996, na nchi zinazoendelea kufikia 2010. Wanasayansi wanakadiria kwamba ozoni ya Antaktika itarudi katika hali ya 1980 kufikia 2066 hivi. Itifaki hiyo ni mmoja wa mikataba michache ya mazingira inayoweza kuonyesha matunda yake.

Viwanda vya magari vilihamia R-134a kati ya 1991 na 1994 hivi. Gesi hii haina klorini, hivyo ozoni iko salama nayo. Lakini ina tabia ya kuzuia joto la dunia lisitoke: kwa hesabu ya miaka 100, kilo moja ya R-134a hutia joto sawa na kilo 1,430 za kaboni dayoksaidi. Tupige hesabu ya gari moja. Gramu 500 zikivuja ni sawa na kilo 715 za kaboni dayoksaidi, kiasi kinachotokana na kuunguza zaidi ya lita 300 za petroli. Gari linalojazwa kila kaskazi bila kuzibwa tundu linafanya uharibifu huo kila mwaka, hata likiwa limeegeshwa.

Ndiyo sababu mwaka 2016, nchi zilipokutana Kigali, itifaki ileile iliongezewa kipengele cha kupunguza gesi za jamii ya R-134a. Nchi nyingi zinazoendelea, Tanzania ikiwamo katika ratiba hiyo, zilipangiwa kusitisha ongezeko mwaka 2024, kisha kupunguza asilimia 10 mwaka 2029, asilimia 30 mwaka 2035, asilimia 50 mwaka 2040 na asilimia 80 mwaka 2045. Bidhaa ikipunguzwa sokoni bei yake haishuki. Mwenye gari linalovuja ajue kwamba mazoea yake yatazidi kuwa ghali.

Gesi ya tatu, R-1234yf, tayari imo katika magari mapya ya Ulaya, ambako tangu 2017 R-134a hairuhusiwi kwenye gari jipya dogo. Athari yake kwa joto la dunia ni ndogo mno, lakini bei yake ni kubwa na inaweza kushika moto kidogo. Magari hayo yatafika bandarini kwetu yakiwa mitumba, kama yalivyofika mengine, na gereji itakayotia R-134a humo ili kuokoa pesa itakuwa imeuchafua mfumo.

Mzee wa R-12

Bado kuna magari yaliyozaliwa na R-12: Corolla za miaka ya themanini, Peugeot 504, Mercedes za zamani, Land Cruiser zinazokataa kustaafu. Alama yake ni sehemu za kujazia zenye nyuzi za kufungia kwa kuzungusha, wakati zile za R-134a ni laini, za kubana, milimita 13 upande wa chini na 16 upande wa juu. Zilitofautishwa makusudi ili gesi zisichanganywe.

Gari kama hilo linaweza kuhamishiwa R-134a, lakini kufunga adapta na kumimina gesi mpya hakutoshi. Mafuta ya zamani hayachanganyiki na R-134a, kwa hiyo hayarudi kwenye kompresa. Lazima yatolewe na kuwekwa ya aina ya esta au PAG. Draya inabadilishwa, oringi zinabadilishwa, na mipira iliyochoka nayo ibadilishwe. Gesi inatiwa asilimia 80 hadi 90 ya uzito wa ile ya kwanza. Kondensa ikiwa safi na feni ikiwa na nguvu, mzee atapoza vizuri, ingawa foleni ya mchana itamtoa jasho kuliko enzi zake. Mwisho, stika mpya ibandikwe kuonyesha gesi iliyomo.

Tahadhari tofauti inawahusu wenye magari ya haibridi, ambayo sasa nayo yanaingia kwenye kundi la magari ya zamani. Kompresa yake huendeshwa kwa umeme mkubwa na mota yake imo ndani ya mafuta ya kompresa. PAG hupitisha umeme. Kiasi kidogo tu kilichobaki kwenye mipira ya geji za fundi kinaweza kuharibu kinga ya umeme na kuua kompresa ya gharama kubwa. Muulize fundi kama ana geji za pekee kwa haibridi, na asipoelewa swali, endelea na safari.

Kuhusu gesi yenyewe, rangi ya mtungi si cheti. Mitungi ya samawati imewahi kukutwa na R-22 ya AC za majumbani, gesi ya kupikia, au mchanganyiko wenye R-40, ambayo hushambulia alumini na kutengeneza kemikali inayolipuka ikigusa hewa. Mwaka 2011 makontena ya baridi ya melini yaliyotiwa gesi ya namna hiyo yalilipuka na kuua wafanyakazi. Na anayekuuzia R-12 "mpya" leo, miaka mingi baada ya uzalishaji kufungwa, anakuuzia kitu kingine.

Nani alipie kutafuta tundu?

Lawama zote tukizimwagia gereji, tutakuwa tumeonea. Fundi anayejua kutafuta tundu anatumia saa moja, wakati mwingine siku nzima. Valvu iliyochoka anaiona mara moja, lakini evapoleta iliyooza inadai dashibodi nzima ishuke. Mteja anayesubiri chini ya mwembe humwoni akilipia muda huo. Analipia kile anachokiona, yaani gesi inayoingia, na anapima kazi kwa baridi ya dakika ileile. Fundi akisema bei ya kutafuta tundu, mteja anavuka barabara kwa mwenye mtungi. Soko limemfunza fundi kuuza gesi.

Mteja ndiye mwenye uwezo wa kulibadilisha soko hilo, na maswali ya kuuliza ni machache. Nimejaziwa lini mara ya mwisho, na ilidumu muda gani? Tundu liko wapi, nionyeshe. Pampu ya vakyumu unayo, na utaiacha dakika ngapi? Mizani unayo? Utatia gramu ngapi, na stika inasema ngapi? Majibu yaandikwe kwenye risiti, hata ile ya karatasi ya daftari, na gramu zikiwamo. Kaskazi ijayo karatasi hiyo itakuwa na thamani kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote.

Na fundi akishakuonyesha doa la mafuta kwenye ungio, akabadilisha oringi, akavuta vakyumu na kupima gesi, mlipe saa yake ya kutafuta kando na bei ya gesi, bila kumpunguza. Yule atakayekujazia kwa nusu ya bei hiyo ameshajumlisha katika hesabu zake kwamba utarudi.